Kiti kilikuja na kidonda: kisa cha mchumaji karafuu mmoja Pemba

Naandika kisa hichi cha kiti cha magurudumu kwa wenzangu wa kazi za vifaa saidizi, mafizio (wataalamu wa mazoezi ya viungo), wauguzi wa vituo vya afya, watu wa ustawi, na pia masheha (viongozi wa shehia, yaani mtaa au kijiji) na jamaa wa mgonjwa maana hao ndo wanaobaki nae sie tukishapanda gari tukaondoka. Mwenyewe amekubali kisimuliwe. Jina, kijiji, mwaka na vitu vyengine vya kumtambulisha nimevitoa au nimevigeuza kidogo, nitamwita K basi. Picha hakuna, msiniulize.

Alikotoka

K ni kijana wa miaka 20 na ushee, ana mke, anaishi uwanja mmoja na mama yake na mdogo wake wa kiume. Kazi yake msimu wa karafuu ilikuwa kuchuma, na ambae hajui aelewe kwamba karafuu nyingi za Zanzibar zinatoka Pemba na mpaka leo zinachumwa kwa mtu kupanda juu, mkarafuu mkubwa unapita mita 10 na tawi lake ni kavu, halipindi kwanza likakuonya, linakatika tu. Alikuwa juu na kigoe mkononi anavuta tanzu la nje, tawi alilolikanyaga likaachia. Alianguka kwa matako na mgongo. Akapelekwa hospitali hapa kisiwani, kisha akavushwa na boti kwenda hospitali kubwa nje ya Pemba, uti wa mgongo ulikuwa umevunjika usawa wa chini ya mbavu. Mikono mizima, kifua kizima, kuanzia kiunoni kushuka hakuna kusogea wala kuhisi. Alirudi nyumbani na mpira wa mkojo, karatasi ya dawa na maneno ya "mgeuzeni geuzeni". Na alipofika nyumbani kila mtu alikuwa amechoka na pesa za fidia ya kuanguka zilikuwa zishaliwa na nauli na dawa.

Nyumba yao iko mgongoni mwa kilima, kama nyumba nyingi za Pemba. Udongo mwekundu, ukinyesha unanata mguuni mpaka kiatu kinabaki nyuma. Kutoka barzani mpaka barabara ya gari ni njia ya miguu inayoshuka, katikati kuna mzizi wa muembe na mfereji wa maji ya mvua. Choo kiko nyuma ya nyumba, mlango wake mwembamba. Msikiti uko ng'ambo ya barabara. Nayataja yote haya sasa hivi kwa sababu aliempa kiti hakuyaona hata moja.

Kiti cha mwanzo

Kiti kilikuja kwenye hafla. Viti vingi vilivyofanana, saizi moja, vya kukunja, vile vya chuma vya kusukumia wagonjwa hospitali, vyenye kitambaa cha kukalia kinachoning'inia na viringi vidogo vigumu mbele. Majina yakasomwa, watu wakapigwa picha, chakula kikaliwa, kila mmoja akabebwa na chake. Siwasemi vibaya waliotoa, na K mwenyewe hawasemi vibaya, anakwambia siku ile ndo mara ya mwanzo aliona barzani tangu aanguke. Kabla ya hapo alikuwa chumbani kwenye kitanda cha kamba anahesabu mabati.

Wiki za mwanzo zilikuwa nzuri. Anatolewa asubuhi, anakaa barzani mpaka magharibi, watu wanapita wanamsalimia, dhumna zinapigwa. Mama yake alikuwa anamshukuru Mungu kila akimuona amekaa. Kwenye kiti walimuekea mto wa sufi, ule wa kulalia, na huo mto baada ya siku chache ulikuwa umelala bapa kama haupo.

Kwenda popote ilikuwa haiwezekani, viringi vya mbele vikigusa udongo vinazama, kwa hiyo mdogo wake alikuwa anambeba mgongoni na mtu mwengine anakunja kiti anakibeba nyuma. Ikawa kiti ni cha barzani tu. Na kwa kuwa ni cha barzani, na anakipenda, akawa anakaa humo saa 9 mpaka 10 kwa siku bila kunyanyuka.

Mkewe ndo aliegundua. Aliona shuka imelowa kitu si mkojo, na harufu. K hakusikia maumivu yoyote, angesikiaje?

Tulichokikuta

Tuliitwa na muuguzi wa kituo cha afya cha karibu. Aliandika kwenye karatasi ya rufaa sentensi moja, "kidonda cha kukalia, anahitaji mto", na ile sentensi naiheshimu mpaka leo maana alikuwa amefika kwenye kiini kabla ya sie wenye tepu.

Kidonda kilikuwa upande wa kushoto chini ya tako, pale penye mfupa wa kukalia, ngozi yote imekwenda na mafuta yanaonekana, mfupa ulikuwa bado haujafikiwa alhamdulillahi. Upande wa kulia ngozi nzima lakini pagumu na pana moto ukigusa. Hapa niwaambie wale wanaosoma vitabu vinavyosema "tafuta wekundu", kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu huuoni, unatumia mkono, unagusa unalinganisha na ngozi ya jirani, kama pana joto au ugumu au pamekuwa peusi zaidi ya kwengine basi hapo pishaanza.

Tukampima akiwa kwenye kiti chake kile kile kabla hajatolewa, na mambo yakajieleza wenyewe. Nyonga zake upana sentimita 36, kiti 45. Ile nafasi ya sentimita 9 inamfanya aegemee upande mmoja ili apate pa kujishika, na alikuwa anaegemea kushoto. Kitambaa kimeshalegea kinamfanya nyonga zizame katikati. Vya kuwekea miguu viko juu mno kwa urefu wa miguu yake, magoti yamenyanyuka, mapaja hayagusi kiti, uzito wote umeshuka kwenye mifupa miwili ya kukalia, na kwa vile anaegemea kushoto basi ni mfupa mmoja. Na urefu wa kukalia kwenda mbele ulikuwa mfupi, kwa hiyo hata paja lingeshuka lisingebebwa lote.

Tulimuuliza anataka nini. Tulitegemea aseme kutembea au kazi. Alisema, "Mie nataka nende Ijumaa." Hajaswali jamaa, yaani sala ya pamoja msikitini, tangu aanguke, na sie sote pale tuliandika kwenye fomu "njia ya kwenda msikitini" tukafikiri tumeelewa.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa mwanzo ndo uliokuwa mzito: asikae kabisa mpaka kidonda kifunge. Mama yake alikasirika, na alikuwa na haki. "Sasa mumekuja kumnyang'anya kiti alichopewa? Alikuwa ndani kama mfungwa, mumwambie arudi kulala?" K nae akasema, "Nkirudi kitandani ntakuwa maiti ilio hai." Fizio mmoja wa timu alitaka tukubaliane nusu kwa nusu, akae muda wa saa moja tu asubuhi na muda wa saa moja tu jioni, na mto mpya. Mwengine akasema kidonda cha hatua ile hakifungi kikiwa kinakaliwa hata dakika 10, na kikifika mfupani huyu tunamzika. Mabishano yalikuwa makali kidogo, nje ya nyumba, chini ya muembe, mzee mmoja jirani akatuletea madafu ili tunyamaze.

Kilichotutoa ni mkewe. Akauliza kama kulala kifudifudi kunaruhusiwa. Kunaruhusiwa, tena ndo kulala kuzuri kwa kidonda cha kukalia. Akasema basi kitanda si lazima kiwe chumbani. Kile kitanda cha kamba kikatolewa barzani, kamba zikakazwa, likawekwa godoro la sponji juu, K akawa analala kifudifudi na mto kifuani, uso kwa watu, dhumna zinapigwa kwenye ubao mbele yake na yeye anacheza. Usiku wanamgeuza kila saa mbili, mke na mdogo wake kwa zamu. Muuguzi akawa anakuja kusafisha kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kufunga, na akakazania chakula, samaki, mayai, choroko, maana kidonda hakifungwi na bendeji peke yake.

Wakati kidonda kinafunga, sie tukapima njia. Hii kazi watu wengi wanairuka. Tulipima mlango wa mbele, mlango wa chumba, mlango wa choo, urefu wa kizingiti, mteremko, mfereji, na tukamwambia mdogo wake asukume kiti kitupu mpaka barabarani huku tunaangalia wapi kinakwama. Kilikwama kila mahala.

Kisha kuchagua kiti. Mezani kulikuwa na njia tatu.

Kukirekebisha kile cha mwanzo, kukibana upana na kukitia ubao wa kukalia. Rahisi, lakini viringi vya mbele vingebaki vile vile na udongo ungebaki ule ule.

Njia ya pili ile baskeli ya matairi matatu ya kuzungusha kwa mikono, na hii ndo K alioitaka yeye. Alishawaona watu wa mjini Chake Chake nazo, wanaenda kasi, wanabeba mzigo. Mikono anayo, kweli. Lakini haiingii ndani ya nyumba, haigeuki uwanjani, na kilima kile kupanda kwa mikono na mnyororo si mchezo, halafu mtu akishaipanda anakaa humo masaa kwenye kiti cha ubao, yaani tunarudi tulikotoka. Tulimwambia wazi kwamba ni kifaa kizuri kwa mtu anaeishi kwenye lami, na kwamba akihamia barabarani siku moja tutaifikiria. Hakufurahi. Aliuliza mara mbili tatu baadae.

Ya tatu, tulioichukua, ni kiti cha njia mbovu, fremu isiyokunjwa, matairi mawili makubwa nyuma na moja nene mbele kwa mbali, ule urefu wa mbele ndo unaokifanya kisipinduke kwenye mteremko na kisizame. Kubwa zaidi kwetu ilikuwa matairi: saizi ya baskeli ya kawaida, chubu na mpira vinapatikana duka lolote la spea Chake au Wete. Kiti kizuri ambacho chubu yake inatoka ng'ambo kinakuwa chuma chakavu tairi la mwanzo likipasuka, na kila shehia ina mfano wake umeegemezwa ukuta wa nyuma kuku wanatagia.

Ubaya wake tuliujua. Ni kirefu, kinaingia mlango wa mbele lakini ndani hakigeuki. Tukaamua ndani asitumie kiti kabisa. Kiti kinafika ukumbini, ubao wa kuhamia unawekwa kati ya kiti na kitanda, na kitanda kikanyanyuliwa kwa matofali mpaka kikalingana na kiti, anateleza mwenyewe. Ule ubao umechongwa na seremala wa hapo hapo kijijini, umepigwa msasa mpaka ukawa laini maana kijibanzi kimoja kwenye ngozi isiyohisi ni kidonda chengine.

Choo kilitushinda. Mlango mwembamba, sakafu ya shimo, kupanua kungekula pesa yote. Tukatoboa kiti cha plastiki, tukakizungushia pembe za tundu na sponji iliyovishwa rexini, na masharti makali kwamba ni cha muda mfupi tu. Siupendi ule ufumbuzi lakini ndo ulikuwepo.

Mto tuliutengeneza, haukununuliwa. Sponji ngumu chini, imechongwa shimo la kina pale mifupa ya kukalia inapokaa, mapaja yanabebwa na sehemu ya mbele iliyo juu kidogo, halafu tabaka laini juu, halafu kifuniko kisichopitisha mkojo lakini kinachovutika. Kifuniko kikikazwa sana kama ngoma shimo lote la chini halina maana, mtu anakuwa anakalia kifuniko.

Hela niipite haraka. Kiti kilitoka kwenye programu ya msaada, usafiri na forodha vikachukua muda mrefu kuliko kidonda, sponji na plastiki tukanunua, saruji familia ikachanga na sheha akapitisha kofia kwa watu.

Siku ya kukivaa

Kidonda kilifunga, ngozi ikaachwa ipate nguvu, ndo akakalishwa. Tuliifanya kazi hii taratibu kupita kawaida. Miguu ikashushwa mpaka paja lote likalala kwenye mto. Kina cha kukalia kikaachwa nafasi ya vidole vitatu hivi nyuma ya goti. Kisha ule upimaji wa vidole: unapitisha mkono chini ya mfupa wa kukalia, kiganja juu, mtu kakaa wima. Kama ncha za vidole zinaweza kuchezacheza juu chini kama nusu sentimita, salama. Kama hazichezi lakini mkono unatoka kirahisi, ni onyo. Kama vidole vimebanwa, mtoe mtu kwenye huo mto sasa hivi. Kulia ilikuwa salama, kushoto ilikuwa onyo, mto ukatolewa ukachongwa tena pale pale barzani kwa kisu cha jikoni, ukarudishwa, ikawa salama pande zote.

Sehemu ya kupunguza mgandamizo ndo kila mtu anaifundisha na hakuna anaeifanya. Mwambie mtu ainame mbele kila nusu saa, atakwambia sawa, ukiondoka amesahau, saa hana na kitu cha kumkumbusha hakuna maana mwili haumwambii. K na wachezaji wenzake wakaitengenezea kanuni: kila mkono wa dhumna ukimalizika, wakati zinachanganywa, K anainama kifua juu ya mapaja mpaka mchezaji wa mwanzo aweke dhumna. Akisahau anahesabiwa amefungwa. Mzee mmoja wa barza ile alikuwa mkali kuliko sie wote. Hii haimo kwenye mwongozo wowote na imefanya kazi kuliko mabango yetu yote.

Mafunzo mengine ni ya njia: kupanda kilima kifua mbele, kushuka mgongo umeegemea nyuma na mikono ikizuia ringi, mfereji unakatwa wima usikatwe mshazari. Mdogo wake alifundishwa kusukuma na pia kuacha kusukuma, la pili lilimshinda zaidi. Fundi baskeli wa barabarani tulimuita mapema, akakifungua kiti akakifunga tena mbele yetu, akaonyeshwa beringi na spoki, akasema, "Yakhe, hii si baskeli tu?" Ndio.

Kuhusu Ijumaa

Kiti kiko, rampu iko, mfereji umewekewa daraja la mbao, njia imesawazishwa na vijana wa kijiji. Ijumaa ya mwanzo ikapita, ya pili ikapita, K hakwenda. Tukadhani kilima. Tukadhani aibu ya kubebwa vizingitini. Mdogo wake ndo aliemvuta pembeni mmoja wetu na kumwambia ni mpira wa mkojo. K aliamini kwamba mwenye mkojo unaotoka muda wote hana udhu, na mwenye maringi yaliyopita njia za ng'ombe hana haki ya kuingia juu ya majamvi.

Hili halikuwa letu. Tulimwendea maalim wa msikiti, akaja barzani mwenyewe, akakaa, akamueleza kwamba mwenye udhuru wa kudumu anajisafisha, anatia udhu wakati wa sala ukishaingia, na anaswali, na hili limo kwenye vitabu vya fiqhi tangu zamani, si ruhusa anayompa yeye. Kuhusu maringi ikaamuliwa kiti kinafika kwenye baraza ya msikiti ambapo kuna kizingiti kifupi, maringi yanafutwa kwa kitambaa, na safu ya mwisho upande wa mlango unaachwa bila jamvi, kiti kinasimama hapo. Wazee wawili walinung'unika. Mmoja wao, na hili nalisema kwa sababu limenifurahisha, ndie aliekuja kuleta kitambaa cha kufutia.

K alikwenda Ijumaa iliyofuata.

Matokeo

Baada ya mwaka na kitu: kidonda cha kushoto hakijarudi. Mara moja paliota pagumu upande wa kulia wakati wa masika, mkewe akapagusa akapajua siku ile ile, K akarudi kifudifudi barzani siku kadhaa pakaisha. Kiti kinatumika kila siku. Mpira wa tairi umepasuka na kuzibwa kwa fundi barabarani bila sie kujua. Msimu wa karafuu uliofuata K alikuwa chini kwenye uwanja wa kuanikia anapokea za kijani kwa pishi na kuandika daftari la wachumaji wa familia, kazi ambayo zamani ilikuwa ya ami yake na ami alikuwa anakosea hesabu kila siku.

Vilivyokwenda vibaya navyo vipo. Rampu ya mwanzo familia waliijenga kwa udongo na mawe, haikumaliza masika, ikashuka yote na maji. Ya pili ni ya saruji, na ni ya mteremko wa haki: kizingiti cha sentimita 15 kinataka rampu ya sentimita 180 ukifuata kipimo cha 1 kwa 12, walitaka kuifupisha wapunguze saruji, fundi akakataa. Mto nao, baada ya miezi sponji ililainika kwa jasho na unyevu, upimaji wa vidole ukarudi kwenye onyo. Kile kiti cha plastiki cha choo kimevunjika mguu. Mkewe anaumwa kiuno.

Kwa nini ilikwenda ilivyokwenda

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa viti hivi mwaka 2008, kwa ajili ya sehemu zenye uwezo mdogo kama zetu, na humo kazi imegawanywa hatua 8: rufaa, tathmini, kuandika aina ya kiti, pesa na kuagiza, kukitayarisha, kukivalisha (yaani kukilinganisha na mwili wa mtu), kumfundisha mtu, na ufuatiliaji pamoja na matengenezo. Ukiiangalia ile hafla ya mwanzo kwa hatua hizi utaona ilifanywa moja, ile ya pesa na kuagiza, saba zilizobaki zikarukwa. Kiti hakikuwa kibovu kwa asili yake, kwenye sakafu ya hospitali, kwa mgonjwa anaehisi na anaesukumwa dakika chache kupelekwa eksirei, ni kifaa sahihi. Kwa mtu asiehisi, wa nyonga ndogo, wa saa 9 kwa siku, kilikuwa mashine ya kutengeneza kidonda, na kadri alivyokipenda ndivyo kilivyomla.

Naona watu wakisoma kisa hichi watasema jawabu ni kiti cha njia mbovu. Sikubaliani. Ukimuekea K kile kile kiti kipya bila mto uliochongwa, kidonda kinarudi, kitarudi kikiwa msikitini badala ya barzani, tofauti ndo hiyo. Kilichookoa ngozi yake ni sponji, kisu cha jikoni, vidole vya mtu chini ya tako, na mke anaejua pa kugusa. Kiti kilimpa njia. Hivi ni vitu viwili na kwenye bajeti zetu vinaandikwa mstari mmoja, "wilichea", ndo maana kimoja kinapotea.

Kumtoa nje na kitanda chake pia nakiona kilikuwa cha maana kupita tulivyodhani wakati ule. Amri ya kulala huwa inavunjwa kwa sababu kulala ni kufungwa. Alipolala barzani hakufungwa, akatii, kidonda kikafunga. Lau tungeshinda ule mubahasa wa chini ya muembe kwa hoja za kitabu tu, nna hakika angekuwa anakaa kwa siri.

Suala la msikiti limenifanya niitazame ile fomu ya tathmini kwa jicho baya. Inauliza "vikwazo vya mazingira" na ina visanduku vya ngazi, milango, barabara. Haina pa kuandika mambo ya twahara na udhu. Na Pemba, kwa mwanamme wa umri ule, kuswali jamaa ndo kuwa mtu kati ya watu, kwa hiyo swali la mpira wa mkojo lilitakiwa liulizwe siku ya mwanzo, na aulize mtu anaeweza kulijibu kidini, na huyo mara nyingi si fizio.

Fundi baskeli nae. Kule Moshi kuna chuo cha TATCOT kinachosomesha mafundi wa viungo bandia na wa viti hivi, na wanaotoka pale ni hodari, lakini hawatoshi kuja kuziba chubu kilimani. Fundi wa barabarani yupo, ana pampu, ana kiraka, analipwa shilingi chache. Kumuonyesha kiti kabla hakijaharibika kulichukua asubuhi moja.

Upande wa mke ndo dhaifu kuliko yote na sijaona programu inaofanya vizuri. Kila tulichokipanga kiliongeza mzigo kwake: kugeuza usiku, kugusa ngozi, kufua kifuniko, kushika ubao. Ubao wa kuhamia ulipunguza kunyanyua lakini alikuwa ameshaumia kiuno tangu enzi za kubeba. Kwenye faili ametajwa kama "msaidizi", hana ukurasa wake, hajapimwa na mtu.

Yaliyobaki wazi

Mto wa pili ameshapata, umechongwa kwa kipimo kile kile na kifuniko cha akiba juu. Kipimo chenyewe, yaani karatasi ya sponji iliyochorwa kwa saizi halisi, kipo nyumbani kwao kimekunjwa kwenye mfuko wa plastiki pamoja na cheti cha hospitali, ili mshonaji magodoro yeyote Chake aweze kuutengeneza wa tatu. Nani analipa huo wa tatu hakujajulikana. Pesa za msaada zinanunua viti, mto wa kubadilisha haumo kwenye fungu la mtu yeyote, na Zanzibar imekuwa na sheria ya watu wenye ulemavu tangu 2006 lakini sheria haikati sponji. Kwa sasa K anaweka kando kidogo kidogo kutoka kwenye daftari la karafuu.

Choo bado. Seremala ameahidi kiti cha mbao cha tundu badala ya plastiki, na vipimo ameshachukua. Mkewe ameandikiwa aonwe na fizio kwa ajili ya kiuno, kwa jina lake, kwenye faili lake mwenyewe.